Kibali cha Kumsukuma Waziri

Nchi hii ilikuwepo. Ukiniuliza iko upande gani nitakuonyesha kwa mdomo tu, maana kidole huonekana kwa mbali; na ukisema haikuwepo, sitabishana nawe. Watu wake waliiita Upoleni, nao walikuwa watu kama sisi: wanakula, wanacheka, wanaogopa.

Zamani, kabla ya mambo haya, Upoleni watu walipigana ovyo. Askari alimpiga raia, raia akampiga mkewe, mke akampiga mtoto, mtoto akampiga paka, na paka kwa kukosa wa kumpiga akaparamia dari. Kila mtu alipiga kwa akili yake mwenyewe, bila utaratibu wala kumbukumbu. Serikali ikaona uchungu. Ikaunda Wizara ya Upole, na Wizara ikatunga Sheria ya Upole. Kifungu cha kwanza cha sheria hiyo kilisema: Nguvu ni mbaya. Watu wakapiga makofi. Kifungu cha pili kilisema: Isipokuwa yenye kibali. Kifungu hicho kilisomwa makofi yakiwa bado yanaendelea, kwa hiyo wengi hawakukisikia.

Zikachapwa fomu. Kusukuma kulikuwa na fomu yake, kofi la shavu moja fomu yake, kofi la mashavu yote mawili fomu yake yenye karatasi ya rangi ya waridi. Kirungu kilikuwa na kurasa nne. Chini ya kila fomu palikuwa na mahali pa aliyepigwa kutia sahihi, na maneno yaliyokwisha kuchapwa ili asisumbuke kufikiri: Nimepokea, nimeridhika. Tangu siku fomu hizo zilipotoka kiwandani, Upoleni hakuna mtu aliyepigwa tena. Watu walipokea huduma.

Karani wa vibali hivyo aliitwa Machano Tindwa.

*

Machano alikuwa mtu wa miraba minne. Akisimama mlangoni, chumba kinaingia giza. Lakini roho yake ilikuwa pamba tupu. Mende akikatiza sebuleni, Machano humpisha. Siku ya kuchinja kuku humwachia mkewe Siwema kisu, naye huenda kusimama nyuma ya nyumba, vidole masikioni. Katika maisha yake yote hakuwahi kumwinulia mtu mkono, na hilo lilikuwa fahari yake. Wengine hujisifia mashamba. Machano alijisifia viganja vyake.

Kwa miaka kumi na mmoja alikaa Dirisha Namba Tatu, na muhuri wa mti wa mpingo wenye maneno NA ITENDEKE. Fomu inaingia, anaangalia kama jina la mwombaji limeandikwa kwa herufi kubwa, anapiga muhuri, fomu inatoka. Kilichofuata huko nje hakikumhusu. Saa tisa na nusu anafunga dirisha, anaosha wino vidoleni, anakwenda nyumbani kula.

Asubuhi moja alifika dirishani mama mmoja mfupi, wa umri wa kuitwa bibi, amejifunga kanga kiunoni kama mtu aliyeacha kazi katikati. Jina lake Bi Nyange.

"Mwanangu," akasema, "nataka kibali cha kumzuia mtu."

"Kumzuia kwa maneno, mama, au kwa mwili?"

"Maneno nimeyamaliza."

Machano akachukua fomu. "Anayezuiwa ni nani?"

"Mkwe wangu, Mshindo. Akilewa anampiga binti yangu Hidaya. Ijumaa iliyopita kamvunja jino. Nami nakaa nyumba ya pili, nasikia kila kitu."

"Pole sana, mama." Na kweli ilimwingia, Machano hakuwa mtu wa pole za bandia. "Analewa siku gani?"

"Ijumaa."

Machano akahesabu kwenye kalenda ya ukutani. "Maombi ya raia huchukua siku arobaini. Ijumaa hii haitawezekana. Mwombe asubiri Ijumaa ya sita."

Bi Nyange akamtazama kama mtu anayetazama maziwa yaliyoganda, hajui ayamwage au ayanywe. "Nimwombe asubiri?"

"Kwa upole."

"Na yeye kibali cha kumpiga mwanangu kakipata wapi?"

Hilo lilikuwa swali halali, na Machano alipenda maswali halali. Akafungua kabati, akavuta faili, akapekua, na uso wake ukachangamka. "Kipo, mama! Kibali cha Kaya. Huhuishwa kila mwaka, na hiki hakijaisha. Mambo yake yote yamenyooka."

"Muhuri kaupiga nani?"

"Ofisi."

"Ofisi ina mkono?"

Machano akauvuta mwongozo wa kazi, akaanza kupekua. Kwa bahati nzuri, wakati huohuo kengele ya Dirisha la Haraka ililia. Dirisha la Haraka lilikuwa dirisha hilihili, ila mwombaji aliligonga kutoka upande wenye kivuli. Aliyegonga ni Sajini Gobore, mwenye kitambi na sauti ya kukwaruza. Walimu walikuwa wamekaa kwenye majani mbele ya Wizara tangu alfajiri, wakiimba.

"Wangapi?" akauliza Machano.

"Andika kwa jumla."

"Sehemu gani ya mwili?"

"Andika kwa jumla."

Akaandika kwa jumla, akapiga muhuri. Chai yake ilikuwa haijapoa. Alipogeuka, Bi Nyange alikuwa ameshaondoka, na fomu yake imebaki juu ya ubao, tupu.

*

Mwezi uliofuata ikawadia Sikukuu ya Upole. Mitaa ya Kisiwani, walikokaa watu wa kawaida, haikuwa na maji kwa wiki ya tatu, lakini barabara ya gwaride ilioshwa ikang'aa hata ungeweza kulia ugali juu yake. Gari la maji, tangi kubwa la chuma, lilikuwa linakwenda na kurudi likimwaga.

Waziri wa Upole, Mheshimiwa Dakta Mlawila, alikuja amevaa suti nyeupe. Desturi ya sikukuu ilimtaka atembee hatua mia kutoka kwenye picha ya Mkuu wa Nchi hadi jukwaani. Na kwa kuwa kuipa mgongo picha ya Mkuu wa Nchi ni utovu wa adabu, Waziri alitembea kinyumenyume, akitabasamu, akipunga mkono, matarumbeta yakilia. Upande wa pili wa barabara, dereva wa tangi naye alikuwa anarudi nyuma, maana alisahau kuosha kipande kimoja. Basi Waziri anarudi nyuma, tangi linarudi nyuma, na hakuna kati yao aliyejua kuwa anatarajiwa.

Machano alikuwa kando ya barabara, amekumbatia bahasha ya vibali vya kuwasukuma watazamaji endapo watafurahi kupita kiasi. Aliliona tangi. Alimwona Waziri. Alipiga kelele, lakini tarumbeta lilimshinda. Baadaye aliulizwa mara nyingi alifikiri nini, na kila mara akasema ukweli: hakufikiri. Bahasha ilianguka. Miguu ikakimbia. Viganja viwili vipana vikampiga Mheshimiwa kikumbo cha kifua, naye akapaa kama shuka iliyochukuliwa na upepo, akatua mtaroni.

Tangi likapita. Likakisaga kiatu cha Mheshimiwa cha kushoto kikawa kama chapati.

Matarumbeta yakanyamaza moja baada ya jingine. Katika kimya kile, mtu mmoja mahali fulani akacheka, kisha akajutia. Kutoka mtaroni kikainuka kichwa, tope limekizunguka mpaka masikioni.

"Nani," kikauliza kichwa, "amenigusa?"

Machano alisimama barabarani akitazama viganja vyake. Hakujua kama anaona aibu au anaona raha, na hilo ndilo lililomtisha.

*

Mahabusu ya Upoleni ilikuwa moja, wanaume na wanawake pamoja, kwa ajili ya kuimarisha umoja wa kitaifa. Nondo tu ndizo zilizogawa upande huu na ule. Machano alipoingizwa alisikia kicheko.

"Ofisi!" akasema Bi Nyange kutoka upande wa pili. "Karibu. Na mkono umekuja nao?"

Machano akaona haya, akaketi sakafuni karibu na nondo. "Mama, wewe umefanya nini?"

"Ijumaa ilifika. Sikusubiri ya sita." Alikuwa amekunja miguu, anachambua nyuzi za upindo wa kanga. "Nilimsikia Hidaya analia. Nikaingia na mchi. Nilimpiga Mshindo mmoja wa goti, akaanguka, akawa analia yeye. Nikamwambia Hidaya vaa viatu twende. Tukaenda."

"Mmoja tu?"

"Mmoja ulitosha. Nilikuwa na wa pili mkononi, tayari." Akang'oa uzi mmoja. "Huo wa pili ndio ninaoufikiria hapa. Wa kwanza haunikoseshi usingizi, sina habari nao. Lakini wa pili, mwanangu, nilikuwa nautaka kwa ajili yangu mwenyewe. Nilitaka nione uso wake. Nikauteremsha."

Machano akamweleza habari ya Waziri na tangi. Bi Nyange alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akauliza, "Ungekuwa na nafasi ya kumsukuma tena, baada ya tangi kupita?"

"Kwa nini nimsukume tena?"

"Haya. Basi wewe huna kesi."

"Sheria haisemi hivyo, mama."

"Sheria naijua. Nilikuja dirishani kwako."

Machano aliikumbuka asubuhi ile ya dirishani na jino la Hidaya, na jinsi alivyofurahi kuikuta faili. Chakula kilipoletwa, akakisukuma upande wa pili wa nondo.

Siku ya pili Bi Nyange akaachiwa. Mshindo aligoma kushtaki. Alipoambiwa kwamba ni lazima asimame mahakamani, mbele ya rafiki zake wa kilabuni, aeleze kwa sauti alivyoangushwa na mama mkwe mwenye miaka sitini na minne, alisema goti lilimuuma lenyewe.

*

Kesi ya Machano ilijaza mahakama mpaka madirishani. Mwendesha mashtaka alianza kwa upole, kama sheria ilivyotaka.

"Ulikuwa na kibali cha kusukuma?"

"Sikuwa nacho."

"Wewe ndiye karani wa vibali?"

"Ndimi."

"Na muhuri ulikuwa wapi?"

"Mfukoni."

Ukumbi ukaguna. "Kwa hiyo ungeweza kujaza fomu na kujipigia."

"Gari lilikuwa hatua nne, mheshimiwa."

"Hatua za nani?"

"Za gari."

Akaitwa Waziri. Mheshimiwa Dakta Mlawila alipanda kizimbani na viatu vipya, naye alikuwa katika hali ngumu ambayo ni viongozi tu huijua. Akisema Machano alifanya vema, basi ipo nguvu njema isiyo na kibali, na Sheria ya Upole, ambayo aliiandika yeye, inakuwa karatasi ya kufungia karanga. Akisema Machano alifanya vibaya, basi yeye alistahili kusagwa. Akasafisha koo.

"Sipingi kuokolewa," akasema. "Mimi binafsi ni shabiki wa uhai. Ninachopinga ni namna. Kijana huyu angenishauri. Angeniita kwa jina, akanieleza hali ilivyo, nami ningechukua hatua zinazostahili."

Wakili wa Machano, mtu mwembamba aliyekuwa amelala mpaka hapo, akainuka. "Kwa jina lako lipi, Mheshimiwa?"

"Jina langu kamili na vyeo vyangu."

"Naomba uyataje kwa mahakama."

Waziri akayataja. Wakili akatoa saa. Mheshimiwa alipofika kwenye neno Mlezi wa Vyama vya Upole vya Mikoa, wakili akapiga meza: "Hapo tangi limeshapita."

Watu wakacheka, Hakimu akawanyamazisha, kisha akajitenga faraghani kuandika hukumu. Alikaa huko muda wa kula milo miwili. Aliporudi alisoma polepole, maana alikuwa anaipenda.

"Kitendo kisicho na kibali ni batili tangu mwanzo wake. Kilicho batili kisheria hakikutendeka. Kwa hiyo mahakama inaona kwamba siku ya tukio mshtakiwa hakumsukuma Mheshimiwa. Kwa kuwa hakumsukuma, Mheshimiwa hakuondoka njiani. Na kwa kuwa hakuondoka njiani..."

Hakimu akasita. Akasoma tena mstari wake kimoyomoyo. Watu wote wakageuza shingo kumtazama Waziri.

"Mahakama," akasema Hakimu, "inatoa rambirambi zake kwa familia."

Naibu Waziri, aliyekuwa mstari wa mbele, ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama kwa dakika moja ya ukimya. Wengine wakasimama. Na Mheshimiwa Dakta Mlawila, kwa mazoea ya miaka mingi ya shughuli za kiserikali, naye akasimama, akainamisha kichwa, akajiombolezea mpaka dakika ikaisha. Alipotoka nje, dereva wake alimwambia kwa heshima zote kwamba hana ruhusa ya kubeba marehemu kwenye gari la ofisi.

Machano akanyoosha mkono. "Mheshimiwa Hakimu, kama sikusukuma, kosa langu ni nini?"

"Kosa lako ni kusukuma ambako hakukutokea," akasema Hakimu. "Nalo ni zito zaidi, maana huna hata tukio la kujitetea nalo. Viboko kumi na viwili."

*

Viboko navyo vilitaka kibali, na kibali kilitaka muhuri, na muhuri alikuwa nao Machano. Basi wakampeleka Dirisha Namba Tatu na pingu zake. Sajini Gobore akasimama nje kama mwombaji, Machano akakaa ndani kama karani, na fomu ikapita kati yao.

Aliishika muda mrefu. Fomu za namna hii alizipiga muhuri elfu nyingi, lakini kusoma alikuwa hajasoma. Nani husoma ukuta wa nyumba yake? Sasa akasoma. Idadi ya mapigo: 12. Sehemu ya mwili: kwa jumla. Sababu: kama ilivyoelezwa. Hapakuwa na mahali palipoelezwa.

"Karani," akasema Sajini kwa sauti ya chini, "foleni inarefuka."

Machano akapiga muhuri. Alifanya hivyo kwa uaminifu, kwa kuwa hukumu ni hukumu.

Hapa ndugu zangu sina mzaha wa kuwapa. Alilazwa kwenye benchi nyuma ya ofisi, mchana, jua limesimama. Cha kwanza alikihesabu. Cha pili alikihesabu. Cha tatu kilipokuja hakujua tena kama ni cha tatu, kwa sababu kila kimoja kilikuwa peke yake, hakina kabla wala baada, na dunia yote ilikuwa ndani yake. Alidhani kumi na mbili ni namba. Alilia kwa sauti, mtu mzima mwenye mabega ya kubeba nyumba, na katikati ya kilio aliona sura moja tu: walimu kwenye majani, wakiimba, na kikombe chake cha chai kinachofuka moshi.

Sajini Gobore alipomaliza alikuwa anahema. Hakumtazama usoni. "Samahani, karani," akasema. "Kibali kipo."

"Kipo," Machano akasema mdomo ukiwa juu ya mbao. "Mimi ndiye niliyekipiga."

Sajini akachuchumaa, akamwekea fomu na kalamu karibu na mkono. "Tia sahihi upumzike."

Machano akayatazama yale maneno: Nimepokea, nimeridhika. Akalikata la mwisho kwa mstari, na juu yake akaandika, kwa mwandiko wake mzuri wa ofisini: Sikuridhika.

Sajini akasoma, jasho likamtoka upya. "Karani, hii haikubaliki. Bila kuridhika fomu haikukamilika. Fomu isipokamilika, hukupigwa."

"Nimepigwa."

"Kisheria hukupigwa! Na kama hukupigwa, itanibidi nikupige."

"Basi nipige. Ukimaliza nitaandika vilevile."

Sajini alisimama. Akakiinua kiboko, akakishusha. Akazunguka benchi. Nimeambiwa na mtu aliyekuwa akichungulia kwamba alizunguka mara tano, midomo ikichezacheza. Mwisho akakaa kwenye ncha ya benchi, karibu na miguu ya Machano.

"Mimi nina kibali cha kupiga," akasema, kana kwamba anajibu mtu mwingine. "Sina kibali cha kurudia."

"Cha kurudia ni fomu nyingine."

"Na anayeipiga muhuri ni nani?"

"Mimi. Lakini naumwa."

Sajini akavuta pumzi ndefu, akatoa leso yake, akaitia maji ya chupa, akaiweka juu ya mgongo wa Machano bila kibali chochote.

*

Baada ya siku tisa Machano akarudishwa kazini. Hawakumpenda tena, lakini kati ya watu wote wa Wizara hakuna mwingine aliyejua mpangilio wa faili. Naibu Waziri, ambaye sasa alikuwa Waziri, alimwonya aachane na uandishi. Siwema alimshonea mto wa usufi akalie. Hakuweza kukalia, akafanya kazi wima.

Asubuhi hiyohiyo kengele ya Dirisha la Haraka ikalia. Alikuwa Sajini Gobore, anaharakisha, ameshika fomu ya kirungu. Wanawake wa Kisiwani walikuwa wamevunja kufuli la bomba la Wizara, lile la kujazia tangi la kuoshea barabara, na walikuwa wanateka maji.

"Wangapi?" akauliza Machano.

"Andika kwa jumla."

"Hapana."

Sajini akadhani hakusikia. "Nini?"

"Nimeusoma mwongozo, Sajini, siku tisa nilizolala kifudifudi. Ukurasa wa sita: kila mpokeaji atajwe kwa jina lake, jina la baba yake na la babu yake, na mahali pa mwili patakapopokea. Kwa jumla haimo. Kwa jumla tulijizoesha wenyewe."

"Karani, usinitie matatani. Wanateka maji sasa hivi!"

"Ndiyo maana wapo. Nenda ukawaandike."

Sajini akalaani, akachukua daftari, akaenda. Bombani wanawake walimpokea vizuri sana. Walipoambiwa serikali inataka majina, hawakukataa hata mmoja; walipanga mstari wenyewe. Kila mmoja alitaja jina lake, la baba na la babu, na aliposahau la babu waliita shangazi yake aje amkumbushe, na shangazi hakuja mikono mitupu, alikuja na ndoo. Ukaja ubishi kama mzee fulani alikuwa babu au kaka wa babu. Ndoo zikajaa. Bi Nyange alikuwepo na Hidaya. Alitaja majina mpaka kizazi cha saba, akamwomba Sajini ayarudie ili ahakikishe. Mapipa yakajaa, masufuria yakajaa, mpaka birika za chai zikajaa.

Sajini alirudi dirishani alasiri, amelowa miguu, daftari limevimba. Machano akaanza kuyahamishia majina kwenye fomu, moja moja, kwa herufi kubwa, akisoma kwa sauti ili pasitokee kosa. Sajini aliegemea ubao amefumba macho. Jina la mia na kumi na tatu Machano alilisoma mara mbili.

"Hili umeandika kwa haraka, silioni vema. Binti Chikoko?"

Sajini akafumbua macho. "Tamasha binti Chikoko."

"Sehemu ya mwili?"

Sajini akalivuta daftari. Alikuwa anautazama mwandiko wake mwenyewe kana kwamba umeandikwa na mtu mwingine. Alipokuwa kule bombani, katikati ya vurugu za mababu na mashangazi, aliandika tu alichotajiwa, kichwa chini, hakumtazama usoni aliyetaja.

"Unamfahamu?" Machano akauliza.

"Mama yangu," akasema Sajini. "Bomba la kwetu halitoi."

Machano aliutia muhuri wino, akauinua juu ya fomu, akangoja. Hakuwa na kejeli usoni. Aliuliza kama karani anavyopaswa kuuliza.

"Nipige, Sajini?"

Mkono wa Sajini Gobore ukapita kwenye tundu la dirisha, bila fomu, bila sahihi, ukashika kifundo cha mkono wa karani na kukikaza kwa nguvu zake zote.

"Usipige," akasema.